Udongo Wenye Jina Langu

Miraji alisema atakuja Juni kumi na nne, saa nane mchana, na ilipofika saa nane kasorobo nikasikia gari lake likipanda kilima cha Mjimwema.

Mwanamke mwenye akili zake angefurahi. Kwa miezi minne sikuwa nimeuona uso wa mwanaume ninayempenda, wala kusikia sauti yake kwenye simu, na sasa alikuwa anaegesha nje ya geti letu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natetemeka, na haikuwa baridi, ingawa baridi ya Njombe mwezi wa sita haimwonei mtu huruma. Alikuwa amekuja kufuata mfuko wa nailoni alioniachia. Mfuko ulikuwepo, ila ndani yake hakukuwa na kitu alichoniachia. Niliujaza siku mbili kabla, kwa mkono wangu mwenyewe, udongo wa bustani yetu.

Ngoja nieleze. Najua utanihukumu, na afadhali unihukumu ukiwa na habari kamili.

Miraji ana duka la spea Makambako. Nilikwenda pale mwaka jana kutafuta mkanda wa mashine yangu ya kufumia masweta, nikakuta wateja watatu wameinamia kaunta, hakuna anayenunua kitu. Walikuwa wanatazama tangi la kioo. Ndani yake kulikuwa na samaki wadogo, hawazidi urefu wa kidole, madume yana mkia mwekundu wa kuwaka na magamba ya bluu, majike ya rangi ya majivu tu.

"Hawa umewatoa Ulaya?" nilimuuliza.

"Ifakara," alisema. "Kwetu. Wanaishi kwenye madimbwi ya mvua."

"Na dimbwi likikauka?"

"Wanakufa wote."

"Sasa mwaka unaofuata wanatoka wapi?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza vizuri, akatabasamu. "Wanataga kwenye tope. Dimbwi linakauka, ng'ombe wanapita juu, watu wanapita juu, mayai yamo humo humo kwenye udongo, yamelala. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Saa mbili tatu tu, watoto wanaogelea."

"Muongo wewe."

"Dada, njoo siku nikimwagia maji, uone kwa macho yako."

Nilikwenda. Nikaenda tena. Mkanda wa mashine nilinunua siku ya kwanza, lakini mama yangu aliambiwa mara sita kwamba umekatika.

Februari, Miraji akaja nyumbani kujitambulisha. Mama yangu, Dorosela, ni mwenyekiti wa jumuiya, mjane, mwanamke anayejua ni nani hakuja misa na kwa nini. Pembeni yake alikaa baba mdogo Silvesta. Mambo ya dini yakasemwa, yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki, nilikuwa nimeyategemea. Kisha baba mdogo akakohoa, akasema, "Na hawa wafanyabiashara wa Makambako, mtu anaanza na kameza ka kuuzia barabarani, mwaka wa pili ana gari. Mali nyingine huwezi kujua imeshikwa na nini."

Miraji alisimama. Ni mama ndiye aliyemshika mkono na kumkalisha.

"Mzee," Miraji alisema, na sauti yake ilikuwa chini sana, "niambieni dini yangu siyo. Niambieni mimi wa kuja. Nitavumilia. Lakini siku nitakayoitwa mchawi ndani ya nyumba hii, sitarudi."

Mama ndiye aliyeamua. "Miezi minne," alisema. "Msionane, msipigiane simu. Mkimaliza bado mnatakana, mje wote wawili mniambie usoni, na mimi sitawazuia."

Baba mdogo aling'aka, lakini mama akishasema amesema. Nilimsindikiza Miraji mpaka kwenye gari. Ilikuwa Februari kumi na nne, wanawake wengine siku hiyo walipewa maua mekundu. Mimi nikapewa udongo. Ulikuwa mweusi, una unyevu kidogo, uko ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na ndani ya mfuko kipande cha karatasi alichoandika kwa mkono wake: *Teodora. 14 Juni.*

"Wamo humo," alisema. "Miezi minne ndiyo wanayohitaji. Njombe baridi, waweke katikati ya masweta. Usimwagie maji. Siku hiyo nitakuja na tangi na beseni, tutawamwagia maji pamoja mbele ya mama yako."

"Wasipotoka?"

"Watatoka. Wengine huwa hawatoki mara ya kwanza, unaukausha udongo unangoja tena, lakini lazima watoke." Akanishika vidole. "Na ukiona huniwezi tena, Teo, usihangaike kunitafutia maneno. Umwage tu. Nitakuja, nitakuta hamna kitu, nitaelewa, nitaondoka bila kelele."

Basi niliutunza. Kila usiku nilifungua sanduku nikaugusa mfuko kama ni vuguvugu. Nilivumilia Machi, Aprili na Mei, na simu yangu nikaigeuza chali mara nyingi kuliko nilivyofuma masweta.

Mwishoni mwa Mei baridi ilipoingia, mama akafungua sanduku langu kutafuta blanketi, mimi nikiwa sokoni.

Mwanamke wa Kibena, Mkatoliki, anakuta katikati ya nguo za binti yake mfuko wa udongo mweusi, ndani yake jina la binti yake na tarehe ambayo bado haijafika. Wewe ungefikiri nini? Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amekaa jikoni na rozari, macho yamevimba. Aliniambia ameshautupa, kwamba udongo wa kaburi haukai nyumbani kwake. Nilipiga magoti, nikalia, nikamweleza: mama, ni samaki, ni mayai ya samaki. Akainuka akaenda kulala na jua bado liko juu.

Mfuko niliuokota jalalani, mtupu. Karatasi ilikuwa imelowa, wino umesambaa, lakini jina langu lilisomeka.

Ningeweza kumpigia Miraji simu siku ile ile. Namba yake naijua kwa kichwa mpaka leo. Lakini ningemwambia nini? Kwamba ameshaitwa mchawi ndani ya nyumba hii? Alishasema hatarudi. Nikijumlisha na yale maneno yake ya kuumwaga, kila njia niliyoitazama ilinipeleka kumkosa. Nikachukua jembe, nikijiambia udongo ukishalowa haujulikani rangi.

Sasa rudi nami nyuma ya pazia.

Aliingia amekumbatia tangi la kioo lililofungwa blanketi. Alikuwa amenyoa, amevaa sweta la kijani nililomfumia mimi.

"Kamwene, mama," alimsalimu, salamu ya Kibena niliyomfundisha mimi.

"Kamwene, baba. Karibu," mama alijibu, na macho yake yakaenda sakafuni.

"Teo."

"Miraji."

Hatukushikana hata mkono, mama alikuwepo. Lakini alinitazama namna ambayo kwa dakika nzima nilisahau kosa langu. Miezi minne yote ilikuwa kwenye yale macho. Kama ningefungua mdomo wakati ule!

Alipanga vitu vyake juu ya meza yangu ya cherehani: tangi, hita, pampu ya hewa. Sakafuni akaweka beseni jeupe na dumu la maji ya mvua aliyoyakinga Makambako. Akakunja mikono ya sweta.

"Haya. Leta udongo wetu."

Nilimletea. Aliupokea mfuko, akaugeuza kwenye mwanga. Akaufungua, akaunusa.

"Uliuweka wapi?"

"Kwenye sanduku. Katikati ya masweta, kama ulivyosema."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na karatasi? Wino umesambaa."

"Mvuke wa jikoni," nilisema.

"Sanduku liko jikoni?"

"Kuna siku niliusogeza jikoni upate joto."

Akaniinulia macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika, hasogei.

"Teodora," alisema taratibu, "kuna jambo lolote unataka kuniambia kabla sijamwaga maji?"

"Hakuna," nilisema. "Mwaga."

Akamwaga.

Maji yaligeuka mekundu. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, viwiko kwenye ukingo wa beseni, akatazama. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha kushonea. Mama akamletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha.

"Baba, inuka hapo, sakafu ya baridi."

"Acha tu, mama. Nawasubiri wageni wetu."

Mama aliweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye sahani. Hakuondoka chumbani.

Miraji aliongea huku akitazama maji. Alisema amekwenda bomani kuuliza, tangazo la ndoa linakaa siku ishirini na moja, na kila mtu atabaki na dini yake, hakuna wa kumlazimisha mwenzake. Alisema mama yake Ifakara alinuna miezi miwili, wiki iliyopita akauliza kama mimi nakula kambale. Alisema amepaka rangi chumba cha mbele.

"Mashine yako nimeiwekea nafasi dirishani," alisema. "Upande wa asubuhi, upate mwanga. Tangi litakaa ukutani mbele yako, ukichoka kufuma unainua macho unawaona."

"Asante," nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Unalia nini?"

"Furaha."

Akarudisha macho kwenye beseni. Hiyo ilikuwa nafasi nyingine, na nikaiacha ipite. Ukishaongopa mara ya kwanza, ya pili inakuja yenyewe, ya tatu unashangaa ilivyo nyepesi.

Saa kumi na dakika chache akainuka. Magoti ya suruali yake yalikuwa na alama za saruji.

"Hawatatoka," alisema.

"Labda baridi," nilisema haraka. "Labda tungoje mpaka kesho, au hawa ni wale ulioniambia hawatoki mara ya..."

"Teo. Basi."

Akatumbukiza mkono, akainua tope, akalinyoosha mbele yangu. "Udongo wa kwetu mweusi. Huu ni mwekundu. Huu ni wa Njombe."

Maji mekundu yalidondoka kwenye saruji.

"Umejua saa ngapi?" niliuliza.

"Uliponikabidhi mfuko. Hata sijaufungua."

"Sasa kwa nini ukamwaga maji? Kwa nini ukapiga magoti saa mbili nzima?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme." Sauti yake ilikatika. "Nilikuuliza uliuweka wapi. Nikakuuliza wino. Nikakuuliza waziwazi kabisa. Nikakueleza habari za chumba, nikajua hapo utashindwa, utasema. Kama uliniacha, si tulikubaliana? Umwage tu! Kwa nini unifanyie mchezo, mbele ya mama yako?"

"Sijakuacha! Miraji, wallahi," nilisema, mimi Mkatoliki, neno lake likanitoka mdomoni. "Sikuumwaga mimi."

"Niliumwaga mimi," mama alisema.

Tuligeuka. Birika lilikuwa bado mkononi mwake.

"Niliona jina la mwanangu na tarehe, baba. Nikasema huyu ameandikiwa siku ya kufa. Nilikuwa na maji ya baraka ya Pasaka. Nikauweka udongo kwenye beseni, nikaumwagia yale maji, nikasali, nikafunika kwa sinia mpaka mchana, nilifikiri nitamwita padre. Mchana nilipofunua..." Akatua birika. "Walikuwepo."

"Akina nani?" nilimuuliza, lakini Miraji alikuwa ameshaelewa. Rangi ilimtoka usoni.

"Wadogo. Wembamba kama kope. Wana macho, Teodora. Nilipiga kelele. Nikasema udongo huu umezaa mashetani ndani ya maji ya Mungu. Nikawamwaga nyuma kwenye tuta la viazi. Wewe uliporudi sokoni ukaniambia ni samaki, ndipo nikajua nimefanya nini."

"Mama! Wiki mbili umekaa na hilo?"

"Ningekwambiaje?"

Miraji alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono bado ina tope. "Walikuwa wanaogelea?" aliuliza, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Walikuwa wanaogelea, baba."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu. Walikuwa wengi."

Akaziba macho kwa kiwiko. Mabega yake yalicheza, na mimi sikujua kama analia au anacheka. "Kumbe walitoka," alisema. "Kumbe walitoka wengi hivyo."

Mama akapiga magoti mbele yake, mwanamke wa miaka sitini. "Nisamehe. Nilikuita jina baya moyoni mwangu."

Miraji akashuka kwenye kiti upesi, akamwinua. "Usifanye hivyo, mama. Nimekusamehe. Mama yangu angeukuta udongo una jina langu angefanya hivyo hivyo, sema yeye angetumia maji ya zamzam."

Mama alicheka na huku analia. Na mimi, mpumbavu, nikafikiri yameisha. Nilimsogelea, nikanyoosha mkono.

Hakuushika.

"Mama alikuwa anakupigania wewe," alisema. "Wewe ulikuwa unapigania nini?"

"Wewe! Ulisema ukiitwa mchawi hutarudi. Niliogopa kukukosa."

"Nilisema, kweli. Ungenipigia simu ningekasirika, ningekata simu, nisingelala. Kesho yake ningekuja na udongo mwingine. Ninao dukani, Teo. Ninao ndoo nzima."

Hilo la ndoo nzima ndilo linaloniamsha mpaka sasa.

"Nisamehe," nilisema. "Mama umemsamehe, nisamehe na mimi."

"Nimekusamehe. Sina kinyongo, Mungu anajua." Alikuwa anafuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Lakini ulikaa kwenye kile kiti, ukanitazama naongea na udongo wa viazi, nakueleza rangi ya chumba chetu, ukaniambia unalia kwa furaha. Sasa nikikuoa, siku ukiniambia una furaha, mimi nitajuaje?"

Mpaka leo jibu la swali hilo ningelipata ningepanda gari nimpelekee.

"Nipe miezi mingine minne," nilisema.

Akatikisa kichwa. Akamuaga mama kwa heshima zote. Mlangoni akageuka, nikafikiri amebadili nia, kumbe alikumbuka kitu kuhusu vile vyombo mezani.

"Tangi libaki, nililinunua kwa ajili yako. Hita usiiwashe nje ya maji, itapasuka."

Gari likashuka kilima. Nilipiga simu yake mara nne. Iliita mara zote nne.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipotoka nyuma. Mama alikuwa ametangulia, amechuchumaa kando ya tuta la viazi tulilokwisha kuvuna, khanga imemwanguka begani. Hakunitazama.

"Ni hapa," alisema.

Mvua haikuwa imenyesha tangu siku ile. Katikati ya udongo wetu mwekundu kulikuwa na doa jeusi, ukubwa wa sahani.

Niliingia ndani nikachukua kijiko. Nilianza kukwangua taratibu, cheusi tu, nikiacha chekundu. Wengine huwa hawatoki mara ya kwanza, alisema mwenyewe. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikujali majirani. Mama akauchukua ule mfuko wa nailoni, akaukung'uta, akanishikia mdomo wake wazi kwa mikono miwili.

Ulipojaa nusu, akauliza, "Safari hii tunaandika nini humo?"

"Jina na tarehe."

"Lako?"

"Hapana."

Niliandika nyuma ya karatasi ile ile, *Miraji. 14 Oktoba.* Mama alisoma, akaufunga mfuko vizuri, akaukaza fundo kwa meno.

"Na asipokuja?"

"Basi tutawaona mimi na wewe."

Akainuka, akijishika kiuno. Aliupeleka mfuko ndani mwenyewe, akauweka kwenye sanduku lake, katikati ya vitenge vyake vya Pasaka, akaniambia nikalete na sweta moja la sufu la kuufunika.